Kuku Wasiomo Kwenye Fomu

Stima ilipotea saa tatu kasorobo, Jumwa akiwa katikati ya safu ya pili na trei ya mayai mkononi. Feni mbili za ukutani zilizunguka kwa uvivu, zikazunguka tena kidogo, zikasimama. Kwa pumzi mbili tatu kuku hawakujua kilichotokea. Kisha, kutoka mwisho wa banda, wakaanza kulalama kwa ile sauti ya chini ambayo kwa miaka minne alikuwa ameizoea kama mtu anavyozoea kikohozi cha jirani.

"Haya, haya, nimesikia," akawaambia. "Naenda kuwasha jenereta."

Walikuwa kuku elfu moja na mia mbili, ndani ya vizimba vya waya vilivyopangwa ghorofa tatu. Kila kizimba kilikuwa na kuku wanne, na hakikuzidi sinia la pilau kwa ukubwa. Mayai yalibingirika yenyewe hadi kwenye mfereji wa mbele, na mavi yalidondoka chini, rundo juu ya rundo, hadi Jumamosi alipoyakokota kwa koleo. Ulikuwa mwezi wa tatu, kaskazi imekwisha nguvu na mvua haijafika. Mabati ya Mishomoroni yalikuwa yanalia kwa joto kabla hata ya saa nne.

Jumwa aliweka trei chini, akatoka nje. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na moja, mwembamba, bega lake la kulia limeshuka kidogo kwa kubeba magunia ya chakula. Alivuta kamba ya jenereta mara tatu. Ya nne, mashine ikakohoa na kuwaka, na ndani feni zikaanza kuzunguka.

Hazikuzunguka dakika tano. Lango lilifunguliwa kwa kishindo, na bosi wake, Gershom, akaingia mbio kwa miguu, gari lake ameliacha nje likinguruma.

"Zima! Zima hiyo kitu, Mama Cindy!"

"Stima imepotea, bosi."

"Najua imepotea. Huyo dakitari wa hoteli ako njiani. Akisikia jenereta atauliza ni ya nini. Zima, halafu teremsha turubai zote. Pande zote."

"Pande zote? Hawatapata hewa."

"Saa moja tu. Kuku haiwezi kufa kwa saa moja."

Alizima yeye mwenyewe. Jumwa akazunguka banda akiteremsha turubai, moja baada ya nyingine, akizifunga kwa kamba kwenye misumari ya chini. Alipofika upande unaotazama uwanja, alikuta Gershom ameshatundika kibao juu ya mlango: STOO. DAWA. HATARI.

Mambo haya yote yalianza wiki mbili zilizopita. Hoteli moja ya Bamburi ilikuwa imetangaza kwamba haitanunua tena mayai ila ya kuku wanaotembea, wanaoparura mchanga na kulala juu ya vitulio, maana wageni wake walikuwa wakiuliza, na kila shamba lililoomba kuuza lingekaguliwa na daktari wa mifugo. Gershom akaenda Kaloleni, akarudi na matenga ya kuku wa kienyeji sitini. Mbele ya kiwanja, penye kivuli cha mwarobaini, fundi akazungusha uzio, akajenga kibanda cha mbao kinachonukia vumbi la msumeno, akaweka sanduku la mchanga wa kuogea. Ukutani mchoraji akachora kuku anayecheka. Mayai, hata hivyo, yaliendelea kutoka kule nyuma. Jumwa ndiye aliyeyabandika karatasi za kijani, kila trei, zilizoandikwa *kuku huria*.

Hakuwa na mtu wa kumwambia. Aliishi hapo hapo, katika chumba kilichokuwa nusu chake na nusu cha magunia ya chakula cha kuku. Majirani walikuwa wamepeleka malalamiko kwa chifu kuhusu harufu, na tangu hapo walimsalimia kwa mbali, kana kwamba harufu hiyo alikuwa ameianzisha yeye. Kanisani, Jumapili, alioga mara mbili kabla ya kutoka, akajipaka mafuta ya mgando hadi viwiko, na bado benchi alilokaa lilibaki na nafasi pande zote mbili. Watu walikaa tu kwingine. Binti yake, Cindy, alifanya kazi saluni Bamburi, mwendo ambao mtu mzima mwenye nafasi angeumaliza kwa mguu asubuhi moja, lakini hakuwa amekuja kwa miezi saba. Mtoto wake ana kifua, alisema. Vumbi la kuku lingemuua. Kwa hiyo Jumwa aliongea na kuku. Siku nyingine ilifika jioni akagundua kwamba sauti yake hakuwa ameitumia kwa binadamu yeyote tangu alfajiri.

Mkaguzi alifika saa nne na nusu kwa gari dogo jeupe. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na saba hivi, amevaa shati la kaki, na jina lake lilikuwa kwenye kitambulisho kilichoning'inia shingoni: Emmaculate. Alibadilisha viatu kando ya gari, akavaa gambuti safi, akazichovya kwenye dawa bila kuambiwa. Halafu akamjia Jumwa moja kwa moja, akampa mkono.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Jumwa aliutazama ule mkono ulioshika wake. Msichana hakuufuta kwenye suruali baada ya kuuachilia.

Emmaculate aliijua kazi yake. Alipima kibanda cha mbao kwa tepu, urefu na upana, akahesabu vitulio, akapiga goti na kutia kidole kwenye maji ya kunywa kuona kama ni ya baridi. Alimkamata kuku mmoja kwa ustadi, akamgeuza, akatazama nyayo zake, akapuliza manyoya ya kifuani kutafuta viroboto. Kila kitu alikigonga kwenye tableti. Gershom alimfuata nyuma akieleza mambo ambayo hakuulizwa.

Alipofika kwenye mlango wa chumba cha Jumwa, alisimama. "Hii stoo ya chakula naweza kuiona?"

Akasukuma mlango kabla ya kujibiwa. Magunia yalikuwa yamepanda hadi kwenye mabati. Ng'ambo yake, kwa nafasi ya hatua moja na nusu, kulikuwa na kitanda cha kamba, sufuria tatu, kanga juu ya msumari, na picha ya Cindy akiwa na sare ya shule.

"Ni chumba changu," Jumwa akasema.

"Oh. Samahani, mama." Emmaculate akauvuta mlango taratibu, kama mtu aliyemkuta mwenzake anaoga. Tepu aliirudisha mfukoni. Kwenye tableti hakugonga kitu.

"Na kule nyuma?" akauliza, akionyesha turubai.

"Stoo ya zamani," Gershom akasema. "Kuna madawa ya wadudu, sumu kali. Nimefunga kwa usalama wa watu."

Emmaculate aliandika hivyo.

Ukaguzi ungeweza kuisha upesi. Lakini Gershom alikuwa ameagiza pilau ya mbuzi na soda baridi, na meza ilikuwa imetandikwa chini ya kibanda cha makuti, na mgeni hukaribishwa. Emmaculate alikataa mara mbili, mara ya tatu akakaa. Gershom alianza kumsimulia jinsi alivyoacha kazi ya benki ili afuate wito wa kufuga. Saa tano ikafika, saa tano na nusu ikapita. Jumwa alisimama kando ya uzio alipoagizwa asimame, jua limemkalia utosini, akiwatazama kuku wa kienyeji wakijitupia mchanga.

Masikio yake yalikuwa nyuma. Mwanzoni aliwasikia, ile kelele ya kulalama, nzito, inayopita kwenye turubai kama mnong'ono wa watu wengi. Kisha ikapungua. Kisha ikakoma. Watu wasiofuga hudhani kuku akizidiwa hupiga kelele. Kuku akizidiwa na joto hufungua mdomo, hutanua mabawa, hunyamaza.

Jumwa akaenda hadi kwenye makuti. "Bosi, naomba neno."

Gershom aliinuka huku akimtabasamia mgeni, akasogea naye hatua chache. "Nini?"

"Kule ndani kumenyamaza."

"Si vizuri? Tulikuwa tunaogopa kelele."

"Wanakufa, bosi."

Alitazama nyuma, akatazama saa yake. "Amebakisha kukuhoji wewe peke yako. Mjibu haraka haraka aende zake. Ukimaliza upesi ndio utakuwa umewasaidia. Na Mama Cindy, uchunge mdomo."

Kwa hiyo alihojiwa. Gershom aliambiwa asogee mbali, maana mfanyakazi huhojiwa peke yake, na akasogea kiasi cha kutosha kuonekana amesogea. Emmaculate alimvutia Jumwa kiti, akaisukuma kando sahani ya pilau.

"Usiogope, mama. Ni maswali machache. Kuku unawapa maji mara ngapi kwa siku?"

"Hayaishi. Yakipungua naongeza."

"Akiugua mmoja?"

"Namtenga. Nampa dawa. Asipopona namwambia bosi."

"Kuna mtu amewahi kukuambia uwapige, au uwanyime chakula?"

"La."

Emmaculate alisogeza kidole kwenye kioo. "Umewahi kuona kuku akiteseka katika shamba hili ukashindwa kumsaidia?"

Lilikuwa swali la kwenye orodha, na sauti aliyoliulizia ilikuwa ya orodha. Jibu lake lilikuwa *la*, kama yale mengine. Jumwa alilitafuta hilo *la* mdomoni, akalikosa.

"Sasa hivi," akasema.

"Pole, sijasikia?"

"Sasa hivi, mwanangu. Naomba ruhusa kidogo."

Akainuka. Alipita mbele ya Gershom bila kumtazama, akafika kwenye turubai, akafungua kamba. Fundo la pili likakataa, akalikata kwa meno. Turubai ilipopanda, joto lilimpiga usoni kama amefunua tanuri la mkate, na nyuma ya joto ikaja harufu, amonia kali iliyomfumbisha macho. Kila safu ilikuwa na walioanguka. Shingo zilitoka kwenye waya zikaning'inia, midomo wazi, ulimi ukionekana. Walio hai walipumua kwa kasi kiasi kwamba banda zima lilionekana kutetemeka bila sauti. Ndani ya vizimba, wazima walikuwa wamesimama juu ya wafu, maana hapakuwa na mahali pengine pa kusimama.

Aliikimbilia jenereta, akavuta kamba. Bega likakataa. Alivuta tena.

"Niachie mimi!" Emmaculate alikuwa amefika mbio, tableti ameiacha mezani. Alivuta mara moja, mara mbili, ikawaka. "Mpira wa maji uko wapi, mama?"

"Kwenye tangi, upande ule!"

"Mwagia mabati kwanza, halafu hewani. Usiwamwagie kichwani, watashtuka wafe."

Walifanya kazi pamoja, mmoja akimwaga maji, mwingine akifungua turubai zilizobaki na kutoa waliokufa. Hawakuzungumza ila maneno ya kazi: shika, leta, huyu bado, huyu kwisha. Emmaculate aliingiza mkono kwenye vizimba bila glovu, na shati la kaki likaloa na kujaa manyoya. Baada ya robo saa, feni zikiwa zimeshika kasi, kuku wa kwanza akatoa sauti. Mwingine akamjibu.

"Huyo," Jumwa akasema, akicheka bila kutarajia. "Huyo nilijua hafi. Ana ubishi huyo, kila siku ananidonoa."

"Nyumbani mama yangu alikuwa na wanane," Emmaculate akasema, akifuta jasho kwa kiwiko. "Kila mmoja na jina lake. Kulikuwa na mmoja anaitwa Chifu, kwa sababu alikuwa anakula vya wengine."

Wakacheka wote wawili, wamesimama kwenye maji machafu hadi vifundoni. Jumwa aliona kwamba msichana ana pengo dogo katikati ya meno ya mbele. Alitaka kumuuliza kwao ni wapi, na kama mama bado yu hai. Alitaka kumwambia kwamba hapa ndani hajawahi kuingia mtu ambaye hakushika pua.

Waliokufa walikuwa themanini na sita. Waliwapanga mlangoni, juu ya turubai.

Gershom hakuwa ameingia. Alisimama nje ya mlango, simu sikioni, akizungumza na mtu kwa Kiingereza cha chini chini. Alipokata simu, sauti yake ilikuwa tulivu kabisa.

"Dakitari, asante kwa kusaidia. Hii ni bahati mbaya, stima ya huku unaijua. Lakini hizi kuku hazihusiani na ile kazi imekuleta. Hizi ni za maduka ya kawaida. Angalia ombi letu. Tumeomba uwanja peke yake."

Emmaculate alienda bombani. Alinawa mikono, akanawa hadi juu ya viwiko, akanawa tena. Akarudi mezani, akaichukua tableti, akasoma kwa muda mrefu, akisogeza kidole juu na chini. Jumwa alimtazama akisoma na akaona uso wake unavyojifunga, taratibu, hadi ukarudi kuwa ule ulioshuka kwenye gari saa nne na nusu.

"Ni kweli, mama," akamwambia Jumwa alipomfuata. "Ombi lao linasema kitengo namba moja. Uwanja, kibanda, kuku sitini. Mimi nimetumwa kukagua kitengo namba moja."

"Na kuku sitini watataga mayai ya hoteli nzima?"

"Swali hilo halimo kwenye fomu."

"Na hawa je?"

"Vizimba havijakatazwa. Na kuku akifa kwa joto, huandikwa ajali." Aliteremsha sauti. "Mwaka jana niliandika kitu nilichokiona na sikutumwa kukiona. Shamba la nguruwe. Ofisini walikaa miezi mitano bila kuniita kazini. Wakamwita mwingine, naye akalipitisha. Nguruwe wako pale pale."

Jumwa hakuwa na hasira naye, na hilo ndilo lililomwuma zaidi, kwamba hakuwa na hata hasira ya kumpa.

Kulikuwa na jambo moja lililobaki. Chini ya fomu palihitajika sahihi ya mhudumu wa mifugo. Emmaculate akamgeuzia tableti. Maneno yalikuwa ya Kiingereza, na Jumwa aliishia darasa la sita.

"Nisomee kwa Kiswahili."

"Ni kawaida tu, Mama Cindy," Gershom akasema. "Weka kidole hapo."

"Anisomee."

Emmaculate akasoma, akitafsiri polepole. "Mimi, ninayewahudumia wanyama wa shamba hili, nathibitisha kwamba wanyama hawana njaa wala kiu. Hawakai mahali pa mateso. Hawana maumivu wala ugonjwa usiotibiwa. Wana nafasi ya kuishi kwa tabia zao za asili. Na hawaishi kwa hofu."

Feni zilisikika kutoka nyuma. Kuku waliopona walikuwa wakilalama tena.

"Wanyama wa shamba hili," Jumwa akasema. "Wote, au hawa wa uwanjani?"

Emmaculate alitazama kioo. "Imeandikwa *wa shamba hili*."

"Basi siweki."

"Mama Cindy."

"Siweki, bosi. Nimewatoa wafu kwa mikono hii sasa hivi. Hata kukauka haijakauka."

Gershom hakupiga kelele. Alitazama langoni, ambako tuktuk ya mizigo ilikuwa ikiingia kuchukua mayai ya Bamburi. Dereva wake, Suleiman, alikuwa kijana mwenye mke na watoto wawili, mtu ambaye kila siku alimuamkia Jumwa kwa heshima na kumletea mahamri siku ya Ijumaa, ingawa alimpa akiwa ameketi kwenye usukani.

"Suleiman! Njoo hapa. Wewe si hushika kuku wakati wa kupakia?"

"Huwashika, bosi."

"Wewe ni mhudumu. Weka sahihi hapa."

Suleiman aliitazama tableti, akatazama wafu juu ya turubai, akamtazama Jumwa, na macho yake yakaanguka haraka. "Niandike wapi?"

Emmaculate alimwonyesha kwa ncha ya kidole. Suleiman akaandika jina lake lote, herufi kwa herufi, kama mtu anayeandika mtihani.

"Usinione vibaya, mama," akasema alipomaliza. "Wallahi, sina pa kwenda. Hii tuktuk ni yake."

"Najua, mwanangu."

Mkaguzi alibadilisha viatu kando ya gari. Alitoa chupa ndogo ya manukato, akajipulizia shingoni na kwenye mikono ya shati, akajinusa, akajipulizia tena. Kisha akamwona Jumwa anamtazama, akairudisha chupa kwenye mkoba upesi. "Kwaheri, mama. Samahani." Vioo vya gari vilikuwa vimepanda kabla halijavuka lango.

Walipakia. Wale themanini na sita waliingia kwenye magunia manne, na Gershom akamwambia Suleiman atajua pa kuyashusha. Magunia yaliwekwa chini, na juu yake ubao, na juu ya ubao trei za mayai zenye karatasi za kijani. Tuktuk ikatoka hivyo kuelekea barabara ya Malindi.

"Kesho asubuhi kuna mama anakuja kutoka Kaloleni," Gershom akasema, akitafuta funguo za gari mfukoni. "Mwonyeshe kazi, halafu uende. Sina ubaya na wewe. Lakini huwezi kukaa mahali halafu unapachoma moto. Na saa tatu watu wa hoteli wanaleta mpiga picha. Uwanja uwe umefagiliwa."

Stima ilirudi saa tisa. Jumwa alizima jenereta, akakaa kwenye ngazi ya chumba chake, akampigia Cindy. Simu iliita hadi ikakata. Alipopiga mara ya pili ilipokelewa. Nyuma palisikika mashine ya kukausha nywele.

"Mama, niko na mteja."

"Sitakuweka. Kesho nakuja kwako. Kazi imekwisha hapa."

"Imekwisha vipi?"

"Imekwisha tu. Nitakaa siku mbili tatu, nikitafuta pengine."

"Kesho, mama?" Mashine ilizimwa. Cindy alisogea pembeni, akanong'ona. "Si kwamba sitaki. Lakini mtoto jana amelala kwa shida tena. Uje. Lakini fua nguo zote kwanza. Na lile begi la zamani liache. Na nywele, mama, uzioshe kwa ndimu. Unaelewa? Si mimi, ni kifua chake."

"Naelewa."

"Umekasirika?"

"Hata. Rudi kwa mteja wako."

Alikaa na simu mapajani. Kisha akainuka, akaingia bandani, akapita kwenye safu akiangalia kila kizimba. Waliokuwa wamelala chini lakini wangali hai aliwatoa mmoja mmoja. Walikuwa wepesi kama vitambaa. Wengi hawakuwa na manyoya shingoni wala mgongoni, na ngozi yao ilikuwa nyekundu kama ya mtoto mchanga. Aliwabeba wawili wawili, akavuka nao uwanja, akafungua uzio wa kuku huria, akawalaza mchangani penye kivuli. Alikwenda na kurudi hadi wakatimia ishirini na watatu.

Hawakutembea. Hakuna hata mmoja aliyewahi kukanyaga ardhi. Waliketi pale alipowaweka, wakiinua mguu mmoja na kuukunja kana kwamba wanatafuta waya. Kuku wa kienyeji waliwazunguka, wakawatazama kwa jicho moja, kisha jogoo akaanza kudonoa ngozi tupu ya mmoja wao. Yule hakujua kukimbia, na kujitetea hakuweza, maana mdomo wake ulikatwa ncha kwa chuma cha moto akiwa kifaranga. Damu ikatoka. Wengine wakaiona, wakaja.

Jumwa aliingia katikati. Aliwafukuza kwa kanga, wakarudi. Aliwafukuza tena, wakarudi. Mwishowe akakaa chini mchangani, akanyoosha miguu, akawakusanya wale wagonjwa upande mmoja wa mwili wake, wengine mapajani, na kwa mkono wa upande wa pili akawa anawazuia wazima. Jua lilikuwa linashuka nyuma ya mabati ya majirani. Mtu alifungua dirisha, akamwona, akalifunga.

Simu ikalia. Ilikuwa Gershom.

"Mama Cindy, umefagia uwanja?"

"Bado."

"Bado nini? Saa tatu nimekuambia wanapiga picha hapo."

"Uwanjani kuna kuku, bosi."

"Si najua kuna kuku! Nauliza umefagia?"

"Hawa wa ndani. Nimewatoa. Wako hapa na mimi."

Jumwa alisikia pumzi zake. Alijua atakuja alfajiri na mapema, pengine na Suleiman, na saa tatu hakutakuwa na hata unyoya mmoja wa kuku wa ndani mbele ya picha ya yule anayecheka ukutani.

"Warudishe ndani sasa hivi. Unasikia? Sasa hivi."

"Nikishawanywesha," Jumwa akasema, akakata simu, akaiweka mchangani.

Kuku mmoja mapajani mwake alinyoosha mguu, akaukunja, akaunyoosha tena. Jumwa alivuta beseni la maji kwa kisigino hadi likamfikia, akakusanya maji kidogo kiganjani, akayaweka chini ya mdomo wa yule kuku, akangoja.